Beji Yenye Mgongo wa Kaniki

Harufu ya dawa ya viatu ndiyo iliyotangulia. Letisia aliisikia Jumanne mchana akichambua mchele barazani, harufu kali ya dawa nyeusi ya kopo, ya kiatu kilichotoka kupigwa brashi, akashangaa ni nani anang'arisha viatu. Ndani alikuwamo mumewe tu, Cosmas, ambaye tangu astaafu kazi ya reli alivaa kandambili kila mahali, hata kanisani, mpaka wakagombana. Akaweka ungo chini, akaingia. Cosmas alikuwa amelala kwenye kochi, redio ikiongea peke yake. Jikoni hapakuwa na kitu, chumbani hapakuwa na kitu. Harufu ilikuwa nzito zaidi sebuleni, mbele ya ubao wa beji.

Ubao ule ulijulikana mtaa mzima hapo Kilosa. Letisia alikuwa amefua na kupiga pasi kwa miaka kumi na tisa kwenye hoteli moja ya watalii Mikumi. Mwaka wake wa pili, mgeni mmoja mzee, Mwingereza aliyewahi kuwa mwanajeshi, alimletea bereti ambayo nyani aliipora dirishani na kuing'ata. Beji yake ya kutarizi ilikuwa imefumuka upande. Letisia alifundishwa kutarizi na masista akiwa msichana. Aliishona usiku mmoja, na asubuhi mzee yule akaigeuzageuza asipaone palipochanika. Aliporudi kwao alimtumia bahasha yenye beji nne na kitabu chembamba cha picha. Wageni wengine wakasikia, wakaleta zao. Sasa alikuwa na beji hamsini na nane za bereti za jeshi la Uingereza, zote za nyuzi, hakuna hata moja ya chuma.

Alikuwa amejifunza kuzitambua. Alijua kwamba askari wa kawaida huvaa ya chuma, na ya kutarizi mara nyingi ni ya afisa. Alijua kusoma taji: lenye mabega ya mviringo ni la enzi ya mfalme, lililobonyea katikati ni la enzi ya malkia, na sasa malkia amefariki na mviringo umeanza kurudi, kwa hiyo asiyetazama vizuri anaweza kukosea miaka sabini. Zaidi ya yote alijua kugeuza beji. Mbele kila beji hujipamba. Mgongoni ndiko anakoonekana aliyeishona.

Beji ya hamsini na tisa ililetwa Jumapili na Yusrah, binti wa jirani anayesuka nywele karibu na stesheni.

"Shikamoo mama Angela."

"Marahaba mwanangu. Poleni na msiba wa bibi."

"Tumeshapoa. Tumefungua sanduku lake kule Tindiga, nikakuta hii. Nikakukumbuka wewe."

Ilikuwa nyeusi, ya sufu, kubwa kama kiganja cha mtoto. Juu kulikuwa na taji, chini yake ndege asiye na jicho, na chini ya ndege utepe wenye maandishi. Nyuzi za dhahabu zilikuwa zimelazwa kwa ustadi ambao Letisia hakuwahi kuuona hata kwenye zile za London. Lakini taji halikuwa la mfalme wala la malkia, na maandishi hayakuwa maandishi. Yalifanana na herufi kwa mbali. Ukiyasogelea yalikuwa mistari tu.

"Bibi aliipata wapi?"

"Wanasema babu alikuwa askari wa Mwingereza," Yusrah akasema, akitazama kucha zake.

Alipoondoka, Letisia aliigeuza. Mgongo wake ulikuwa wa kaniki, kitambaa kile cheusi cha waganga, na uzi mweusi uliozungushiwa ndege haukuwa uzi. Ulikuwa mwembamba, unateleza, umepinda. Ulikuwa unywele wa mtu.

Hapo alijua. Baadaye hakujidanganya kuhusu hilo. Alijua kwamba hakuna Mwingereza aliyewahi kuweka kaniki mgongoni mwa beji. Lakini alikuwa katika kundi la WhatsApp la wakusanyaji, watu wa Uingereza, Kanada na kwingineko, na miezi mitatu nyuma alikosea taji, mmoja wao akaandika kwamba mama wa kufua abaki kwenye kufua. Tangu hapo hakuwa ameandika tena. Jumapili ile jioni alipiga picha ya mbele tu. Akaandika: Beji ya bereti ya afisa, kikosi cha muda cha Afrika Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nadra sana. Mpaka anakwenda kulala walishampongeza watu kumi na mmoja. Akakata karatasi, akaandika maneno yaleyale, akaibandika chini ya beji, juu kabisa ya ubao.

Jumatano, siku ya pili ya harufu ile, saa saba mchana, alisikia visigino ukumbini. Hatua sita juu ya saruji, kituo, kugeuka, hatua sita kurudi. Alifungua mlango. Ukumbi ulikuwa mtupu, mlango wa nyuma wazi, na mvua ya masika ilikuwa ikinyesha uani. Sebuleni Cosmas alikuwa amekaa wima kwenye kochi, mgongo haukugusa mto, shati limefungwa vifungo mpaka kooni.

"Baba Angela, hulali leo?"

"Nimeitwa," akasema taratibu.

"Umeitwa na nani?"

Alimtazama kama mtu anayetafuta jina la kitu. "Sijui, Leti. Lakini nimeitwa."

Alhamisi aligundua kwamba beji zote ubaoni zimegeuzwa. Hamsini na nane zilikuwa zimeelekeza nyuso ukutani, migongo nje, mafundo na nyuzi zake zikiwa wazi kama matumbo ya samaki. Moja tu, ile ya juu, ilitazama mbele. Saa saba ilipofika Cosmas aliinuka mezani akiwa na tonge mkononi, akatoka uani, akasimama katikati ya mvua, mikono imenyooka mapajani, kidevu juu. Letisia alimvuta mkono. Ulikuwa mgumu kama mwimo wa mlango. Alimwita, alimfunika khanga kichwani, alilia. Cosmas alisimama mpaka saa kumi alasiri, mtu wa miaka sitini na saba mwenye moyo unaotibiwa, na aliporegea na kuanguka hakukumbuka chochote. Suruali yake ilikuwa imelowa, wala si kwa mvua peke yake.

Ijumaa wanaume watatu walijaribu kumwingiza ndani. Hawakumsogeza. Na walipokuwa wakihangaika naye, mtu akaita kutoka ng'ambo ya ua wa miti. Mzee Evarist, jirani wa miaka mingi, mwalimu mstaafu, naye alikuwa amesimama uani kwake, mguu sawa, macho hayapepesi, inzi wakitembea midomoni mwake. Jua lilikuwa limetoka siku hiyo, jua la utosi. Jumamosi alisimama tena. Saa tisa akaanguka kifudifudi, wakamkimbiza hospitali, na ilipofika magharibi habari zikaja kwamba hakufika hai.

Mchana wa siku hiyohiyo, Letisia akiwa bado amemshika mumewe uani, alisikia visigino nyuma yake tena, na safari hii havikuwa vya mtu mmoja, vilikuwa vya wawili, kisha watatu, vikija kutoka ukumbini na kupanga mstari kwenye matope ambako hapakuonekana mtu ila vilionekana vishimo, kimoja baada ya kingine, vya kisigino, vikijaa maji. Na harufu ya dawa ya viatu ikamjaa puani, na Cosmas, bila kugeuza kichwa, akafungua kinywa na kusema kwa sauti kavu ya mtu asiyemjua:

"Umeandika mimi ni afisa. Askari wangu wako wapi?"

Letisia alikwenda kwa Yusrah hivyo hivyo, na matope miguuni. Alimkuta anamsuka mteja. Msichana alipoona uso wake aliacha kitana kikaning'inia kwenye nywele.

"Bibi yako alikuwa na nini?"

"Mama Angela, nilikuwa nataka kukuambia..."

"Niambie sasa."

Yusrah alimtoa nje, pembeni ya mfereji. "Bibi alikuwa na jini. Jini askari. Tangu hajaolewa. Alitaka nguo, alitaka beji kama ya wakubwa wa Kizungu aliowaona zamani. Akashonewa na mganga, kwa nywele za bibi mwenyewe, ndipo akatulia. Mama alisema izikwe naye. Mimi nikaona ni nzuri, nikasema wewe unapenda vitu hivi." Akaanza kulia bila sauti. "Babu hakuwa askari. Alikuwa mkata mkonge."

"Mganga yule yuko hai?"

"Amekufa. Binti yake, Bibi Anastazia, naye ni mganga. Yupo Dumila, anauza vitunguu stendi."

Letisia alikuwa Mkatoliki wa jumuiya, na njia nzima kwenda Dumila kesho yake alifikiria Padre atasema nini. Lakini ile ilikuwa Jumapili, na mchana ungefika tena. Yeye na Yusrah walimkuta Bibi Anastazia nyuma ya meza yake ya vitunguu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akiwapimia abiria wa basi la Dodoma. Aliwasubirisha mpaka basi likaondoka, ndipo wakamweleza yaliyompata Cosmas na maneno ya ile sauti. Kisha akaichukua beji, na jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuza.

"Kazi ya mama," akasema. "Haya maandishi unaona hayasomeki. Unadhani hakujua kusoma? Alisoma misheni mpaka darasa la nane. Alifanya makusudi. Jini alitaka pambo, akapewa pambo. Hakupewa jina, hakupewa kikosi, hakupewa cheo. Alikaa miaka hamsini akijiona mzuri, hana pa kwenda." Alimtazama Letisia juu ya miwani. "Nani amemsomea?"

Letisia aliitazama ile beji.

"Nani amempa uafisa?"

"Mimi," akasema. "Niliandika."

Bibi Anastazia alifunika vitunguu vyake kwa turubai. "Basi utamvua wewe mwenyewe. Mimi siwezi kumvua alichopewa na mwingine."

Walifika Kilosa saa sita na nusu. Cosmas alikuwa kitandani, midomo imepasuka, miguu imevimba mpaka vifundo havionekani. Walimlaza sebuleni juu ya mkeka. Mganga alichoma ubani kwenye kigae, akaweka bakuli la maji, akamkabidhi Letisia mkasi mdogo wa kutarizi, ule wake mwenyewe wa kikapuni.

"Utafumua kwa mgongoni, mshono mmoja mmoja. Ukianza usiache katikati. Akikuuliza lolote nitajibu mimi. Wewe usijibu. Umenisikia? Hata akikuita mama yako aliyekufa."

"Nimesikia, bibi."

Kwanza alichana ile karatasi ya maelezo na kuizamisha kwenye maji. Alifuta na ujumbe kwenye simu. Kisha akakaa, akaigeuza beji magotini, akatia ncha ya mkasi chini ya mshono wa kwanza.

Saa saba visigino viligonga ukumbini. Cosmas alijaribu kuinuka. Yusrah na mganga walimkalia mabega. Letisia alifumua utepe, kisha mbawa za ndege, na kila unywele aliouvuta ulitoka mrefu kuliko inavyowezekana, ukijiviringa kwenye kidole chake kama unaotafuta pa kushika, na kila ulipotoka Cosmas aliguna, si kwa ile sauti kavu bali kwa sauti yake, sauti aliyoisikia kwa miaka arobaini akiumwa jino, akibeba gunia, akizika mtoto wao wa pili. "Leti," akasema, "Leti, unanichana. Acha kidogo nipumue." Mkono wake ukasimama. Mganga akatikisa kichwa. Akaendelea, machozi yakimwangukia kwenye kaniki, na nje uani vishindo vikaongezeka, wawili, watano, kumi, mstari baada ya mstari wakikanyaga mahali pamoja mpaka vikombe kabatini vikaanza kugongana, na Cosmas akimwita Leti, Leti, nimekukosea nini, na yeye akivuta, akivuta, mpaka dhahabu yote ikawa rundo magotini na ikabaki taji, na taji nalo likafumuka, ncha kwa ncha, na mshono wa mwisho ukatoka, na kila kitu kikanyamaza kwa pamoja.

Ua ulikuwa kimya. Kuku mmoja alilia mbali.

Cosmas alifumbua macho. Ile sauti kavu ikatoka, ndogo sasa, ya chini, kama ya mtu aliyesimama mbele ya meza ya mkubwa.

"Nani mkubwa wangu?"

"Huna mkubwa," akasema Bibi Anastazia. "Nenda ulikotoka."

"Nani mkubwa wangu?"

"Huna. Nenda."

Pumzi ya Cosmas ilikuwa ikifupika. Midomo yake iligeuka rangi ya jivu, vidole vikakwaruza mkeka. Letisia alimwekea mkono kifuani na kuhisi moyo unaruka, unakosa, unaruka, unakosa mapigo mawili.

"Nani mkubwa wangu?"

"Mimi," Letisia akasema. "Mimi ndiye mkubwa wako. Mwache."

Mganga alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Ndiyo, afande," ikasema ile sauti.

Cosmas akavuta pumzi ndefu, rangi ikamrudi usoni. Akaomba maji.

Bibi Anastazia alikusanya vitu vyake. Nywele na nyuzi alizifunga kwenye kile kipande cha kaniki ili akazitupe mtoni Mkondoa. Kwenye baraza alisimama.

"Ungeniachia."

"Angekufa, bibi."

"Labda." Alivaa viatu vyake polepole. "Askari aliyepata mkubwa haendi. Anangoja amri. Usimtume kitu. Hata neno moja."

Letisia aliahidi. Aliona ni ahadi rahisi; nani anataka kuongea na jini? Alikaa usiku kucha kando ya mumewe, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, na asubuhi ya Jumatatu Cosmas aliweza kutania kwamba uji wake una chumvi ya kikoloni. Harufu ilikuwa imeisha. Letisia alishusha ubao ukutani, akaufunga kwenye shuka, akausukuma chini ya kitanda.

Mchana kuku walianza kelele dirishani, kelele za kuku wa kawaida waliokosa mtama, na yeye akiogopa wasimwamshe mgonjwa alichungulia na kusema, "Nyamazeni."

Walinyamaza. Alishukuru. Baada ya muda aliona ukimya umezidi, akatoka. Kuku wote saba walikuwa wamelala kwa mstari mmoja ulionyooka, shingo zimegeuzwa nyuma.

Alisimama akiwatazama. Alifikiria kicheche. Alifikiria ugonjwa wa kuku, ulikuwa msimu wake. Alifikiria kila kitu isipokuwa lile moja, kwa sababu hakuwa amezungumza na jini, alikuwa amezungumza na kuku.

Ndani Cosmas alikuwa anakohoa. Alijaribu kuketi ili amuulize kuna nini huko nje, akashindwa, akacheka kidogo kwa kushindwa kwake. Letisia alimlaza. Alimpangusa jasho la shingoni kwa ncha ya khanga. Alimwona amechoka, mtu wake, amechoka kuliko alivyowahi kumwona, na moyo ukamjaa huruma, akamwinamia na kumwambia kama mke yeyote angemwambia mumewe:

"Pumzika sasa, mume wangu. Pumzika."

Ukumbini visigino viwili vilikutana kwa kishindo.

Aligeuka kutazama mlango, na alipomrudia, Cosmas alikuwa ameshapumzika.

Walimzika Jumatano. Binti yao Angela alikuja kutoka Morogoro na watoto. Usiku wa kwanza wa msiba, watu walipopungua, Letisia alikwenda ukumbini peke yake na kusema neno moja, "Ondoka," na alisikia hatua zikienda, zikavuka baraza, zikafuata barabara ya stesheni mpaka zikapotea. Kesho yake saa saba mchana, waombolezaji wakila chini ya turubai, zilirudi. Zilisimama nyuma ya kiti chake. Sauti kavu ikamwambia sikioni kwamba ameondoka, afande, amefika mpaka mwisho wa reli, na amerudi kuripoti.

Tangu hapo hakusema tena. Watu walikuja kumpa pole, naye hakuwakaribisha, hakuwaambia kaeni, hakuwaambia kuleni. Angela alimweka mtoto wake mdogo mapajani mwake, mtoto akamvuta hereni mpaka ikamuuma, naye aliuma meno na kuacha avute. Wakasema majonzi yamemfunga ulimi. Padre alimwombea.

Siku ya arobaini Yusrah alipiga magoti mbele yake, amekonda, ameshika bakuli la uji kwa mikono miwili.

"Mama Angela, mimi ndiye niliyeileta. Silali. Naomba uniambie nifanye nini. Lolote. Niambie tu nami nitafanya."

Letisia alimtazama msichana yule, na kwa kitambo kidogo, kwa sababu ya Cosmas, kwa sababu ya Mzee Evarist, maneno yalimpanda mpaka kwenye ulimi.

Nyuma yake visigino vilikaa sawa.

Akaweka viganja vyote viwili juu ya mdomo wake, akabana kwa nguvu, akabana, huku akitikisa kichwa.